Vifungo vya Mviringo

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mapema nisije nikaambiwa nalificha. Mimi, Ibbá, ndiye niliyemfunga binamu yangu Ravna mkanda usio wake, jioni moja ya Januari, juu ya ziwa lililoganda, mianga ya kaskazini ikicheza juu ya vichwa vyetu na mpiga picha kutoka Kusini akituhimiza, "Haraka, haraka, itazimika!" Haikuzimika. Ilikaa saa nzima. Lakini mtu akishakuharakisha kwa sauti ile, akili inakuruka.

Katika bonde letu mkanda wa mwanamke husomwa. Vifungo vya fedha vikiwa vya mraba, huyo ameolewa. Vikiwa vya mviringo, hajaolewa. Unaingia kanisani siku ya Pasaka, unatupa jicho viunoni mwa watu mara moja, na habari zote umeshazipata bila kumsumbua mtu kwa maswali. Mimi nina vya mraba miaka ishirini na saba sasa, tangu Niillas wangu. Ravna, mwenye miaka hamsini na minne, ana vya mviringo, naye huvivaa kifua mbele, kama inawezekana kuvaa mkanda kifua mbele.

Msidhani hakutakwa. Mwaka wa tisini na nne Ovllá alikuja kumposa. Zamani mchumba alikuja na sleji ya kuteleza thelujini, inayovutwa na kulungu wa kaskazini, akaizunguka nyumba ya kina binti, na binti akitoka kumfungua kulungu hatamu, basi amekubali. Ovllá alikuja na pikipiki ya theluji, mpya kabisa, akaizunguka nyumba ya mama mkubwa Sunná, mama yake Ravna, mara tatu, injini ikinguruma, majirani wamejaa madirishani. Ravna akatoka. Watu wakaanza kutabasamu. Akapita moja kwa moja hadi stoo, akarudi na dumu la petroli, akamjazia tangi, akakaza kifuniko, akamwambia, "Haya, sasa utafika kwenu bila wasiwasi."

Miaka michache baadaye Ovllá alifungua kituo cha mafuta, na wenye midomo yao walisema hawakushangaa.

Nilimuuliza Ravna mara moja tu kwa nini hataki. Tulikuwa tunachuna ngozi, mikono imejaa mafuta, ule wakati ambao watu husema ukweli. Akasema, "Ibbá, mimi nikiamka napenda kuikuta nyumba kama nilivyoiacha." Hakuongeza neno, na sikuuliza tena.

Majira ya baridi Ravna huwapeleka wageni wa hoteli ziwani kuona mianga. Huku kwetu Januari giza linaingia saa nane mchana, kwa hiyo hakuna haja ya kukesha; saa kumi na moja jioni mbingu inaweza kuwa imeshaanza kazi. Anawavuta kwa sleji, anawapanga kwenye barafu, na kuwaambia, "Msipunge mikono wala msipige miluzi, inasikia. Halafu mkipunga mnaharibu picha." Husema yote mawili kwa pumzi moja, na hata mimi sijui lipi analiamini zaidi. Kisha huwapiga picha mmoja mmoja. Betri za akiba hukaa kwapani ili zisife kwa baridi, kamera kwenye stendi, na mgeni husimama bila kupepesa huku Ravna akihesabu hadi nane. Ana jicho zuri. Wageni humwandikia barua kutoka nchi ambazo hatujui zilipo.

Basi Vibeke, meneja mpya wa hoteli, akataka bango. Akamleta yule bwana wa kamera, akatuomba mimi na Ravna tuvae gákti, vazi letu la bluu lenye kingo nyekundu, ili achague mmoja. Njiani tulijifunika makoti mazito ya manyoya, na mikanda yetu miwili tukaitia kwenye mfuko wangu mmoja wa sufu. Hapo ndipo pa kunilaumu. Mikanda miwili, mfuko mmoja, na mimi ndiye mbebaji.

Mianga ilianza nyuma ya mlima, nyembamba kama moshi wa jiko. Ikapanda. Ikajikunja, ikawa kijani, na chini kwenye pindo ikawa ya waridi, ikakimbia kutoka upande huu wa ziwa hadi ule na kurudi kana kwamba imesahau kitu. Nimezaliwa chini yake, na bado nilisimama mdomo wazi. Bwana wa kamera akamchagua Ravna kwa sababu ni mrefu. Mimi aliniambia niwashe taa, halafu akaniambia nizime taa, halafu akaanza haraka haraka zake.

Ravna akavua koti. Alikuwa amenipa mgongo, anaitazama mbingu. Nikaingiza mkono mfukoni na kuvuta mkanda wa kwanza niliougusa. Glovu nene, giza, baridi ya nyuzi thelathini na mbili chini ya sifuri. Ukigusa fedha kwa mkono mtupu katika baridi hiyo, ngozi inabaki huko. Nikamfunga kwa nyuma, nikasogea. Alisimama kimya kabisa, hata mvuke wa pumzi yake haukuonekana. Picha ilipoisha nikamtupia koti, mkanda nikaurudisha mfukoni, na tulipofika nyumbani kila mmoja akachukua wake. Hakuna aliyegundua kitu.

Bango lilitoka baada ya wiki tatu. Lilijaa ukuta mzima wa mapokezi ya hoteli, likawekwa kwenye kiwanja cha ndege, na gazeti nalo likaichapa ile picha. Wageni walitazama mbinguni wakasema loo. Sisi tulitazama kiunoni.

Ovllá alikata ukurasa wa gazeti akaubandika kituoni kwake, kando ya mashine ya kahawa, mahali ambapo bonde zima hupita asubuhi. Nilikuwepo Ravna alipoingia.

"Hongera, bi harusi!" Ovllá alipaza sauti. "Mbona hatukualikwa? Shemeji ni yule wa kamera?"

"Ovllá, bado unatembelea mafuta yangu ya mwaka wa tisini na nne. Yakiisha ndipo unisemeshe."

Siku nyingine watu wangecheka wakiwa upande wa Ravna. Siku hiyo walicheka, lakini walikuwa wanamcheka yeye. Mzee mmoja akasema, bila hata kushusha sauti, "Kumbe maringo yote yale alikuwa anasubiri mtu wa Kusini." Ravna akautazama ule ukurasa kwa muda mrefu. Hakuuchana. Akanunua gazeti zima, akatoka, akaja kunisubiri mlangoni kwangu.

Aliliweka mezani, akaweka kidole.

"Kifungo hiki kimebonyea. Ni cha nani?"

Nilikijua. Niillas alikikanyaga siku ya harusi yetu, akicheza.

"Ravna, nilikosea. Giza lile, glovu, na yule bwana anapiga kelele…"

"Ulikosea."

"Nilikosea, dada."

"Ukanifunga mume wako kiunoni."

Nikacheka, kwa woga. Yeye hakucheka. Na hapa nitasema jambo ambalo Niillas halijui. Watu walipomcheka Ravna kule kituoni, kuna pembe ya moyo wangu ilifurahi. Miaka ishirini na saba nimeamka nikikuta soksi za mtu sakafuni, na huyu anaamka anaikuta nyumba kama alivyoiacha. Niliona aibu baadaye, lakini furaha ndiyo iliyotangulia.

Tukaenda hotelini. Vibeke si mtu mbaya. Ni mtu anayedhani kila jambo lina kitufe chake.

"Lakini Ravna, ni vifungo tu. Watu wanaangalia mbingu."

"Watu wako ndio wanaoangalia mbingu."

"Basi sawa. Kompyuta itavifanya vya mviringo, dakika moja tu."

"Usiguse. Uongo mmoja unatosha."

"Unataka nini, sasa?"

"Piga upya, au litoe."

"Mbingu ile hairudi! Unajua ilivyo nadra?"

"Hukuitengeneza wewe. Piga upya au litoe. Mpaka hapo sleji yangu haitoki."

"Nina wageni thelathini hapa!"

"Wafundishe kuogelea," Ravna akasema, akivaa glovu. "Maana atakayewapeleka mwingine hajui barafu nyembamba iko wapi."

Nilitoka nimeinamisha kichwa, lakini ndani kwa ndani nilikuwa naruka. Laiti mambo yangekuwa ya Vibeke na Ovllá peke yao, ningewacheka mpaka leo.

Tulipofika kwenye gari simu yangu ikalia. Ilikuwa nyumba ya wazee. Mama mkubwa Sunná, mama yake Ravna, ana miaka themanini na sita na moyo uliochoka. Asubuhi ile alikuwa amesoma gazeti kwa kioo chake cha kukuzia. Akaona mkanda. Akalia, wakadhani ameumia, kumbe ni furaha. Alikuwa ameagiza kahawa kwa ukumbi mzima na kusema, "Hata kama ni wa Kusini, nimempokea. Binti yangu hatakufa peke yake." Alitaka tu kujua jina la mkwe.

Nilimweleza Ravna. Akashika usukani bila kuwasha gari.

"Mwache," nikasema. "Ravna, nakuomba. Amebakiza miezi mingapi? Mwache nayo."

"Nayo nini?"

"Hiyo furaha. Haimdhuru mtu."

"Inanidhuru mimi."

"Wewe una nguvu."

"Miaka thelathini ananiombea niwe mtu mwingine. Sasa amempata huyo mtu mwingine, anamnywea kahawa. Mimi nikienda kumsalimia, anamsalimia yeye. Akifa, atakuwa amemuaga yeye." Akawasha gari. "Mama yangu atakufa ananijua, Ibbá. Hata kama hanipendi hivyo."

Nilimwambia ana roho ngumu. Nilimwambia maneno mengine pia, ambayo nayaacha hapo. Aliendesha tu.

Mama mkubwa alikuwa ameketi kitandani, ameshavaa shali yake ya sikukuu. Akanyoosha mikono yote miwili. Ravna akaishika, akabaki amesimama.

"Mama, mkanda ule ni wa Ibbá. Alikosea gizani. Mimi sijaolewa, na sitaolewa."

Bibi wa watu akanitazama mimi. Nikaitikia kwa kichwa.

"Ungeniachia," akamwambia Ravna.

"Nisingeweza."

"Tangu asubuhi tu. Tangu asubuhi tu nilikuwa na raha."

"Ulikuwa na raha na mtu ambaye hayupo, mama. Mimi nipo."

Mama mkubwa akaivua mikono yake kutoka kwenye ya Ravna. Akalala, akageukia ukutani. "Nendeni," akasema. Huko nje Ravna hakulia. Alichukua kikwangulio akakwangua barafu kwenye kioo cha gari ambacho tayari kilikuwa safi, akakwangua mpaka nikamshika mkono.

Siku tisa alikwenda kila siku, na siku tisa aliukuta mgongo. Alikuwa anaketi, anakunywa kahawa yake na vipande vya jibini ndani, anasimulia habari za kulungu waliovuka mto, anaaga, anaondoka. Bonde likajua. Kuna waliosema heri angemuua mama yake kwa kisu. Hotelini wageni walikaa wakicheza karata chini ya bango mpaka siku ya tano, Vibeke akaliteremsha, na pale ukutani akaweka picha ya mlima. La kiwanja cha ndege akasema haliwezekani mpaka masika. Ravna akaenda kiwanjani mwenyewe na gundi, akabandika karatasi nyeupe kiunoni pake: "Mkanda huu si wangu. Ravna." Hadi leo wasafiri hujipiga picha na ile karatasi.

Siku ya kumi akanipigia simu.

"Lete mikono yako. Uliharibu, utatengeneza."

Tulikwenda ziwani sisi wawili. Alinipa kamera yake, akanipa betri. "Kwapani," akasema, "usiweke mfukoni kama mtalii." Nikakaza stendi kwenye theluji. Alipovua koti, mimi nikavua glovu. Nilikigusa kila kifungo cha mkanda wake, kimoja kimoja, duara lake lote, nikihakikisha, na cha mwisho kikaondoka na ngozi ya ncha za vidole vyangu viwili. Nilistahili.

Tukangoja. Saa kumi na moja hamna kitu. Saa kumi na moja na nusu ukatokea utepe mmoja, mweupe, hafifu, kama maziwa yaliyomwagika kwenye maji. Ukatulia hapo hapo.

"Ngoja ukolee," nikasema.

"Nini kimekuambia utakolea?"

"Ravna, hauonekani hata vizuri. Ile ya kwanza ilijaa mbingu nzima!"

"Hii ndiyo iliyokuja. Hesabu."

Nikabonyeza, nikahesabu hadi nane kwa sauti, meno yakigongana. Alisimama wima, mikono pembeni, kidevu juu, akinitazama mimi na wala si mbingu. Kamera huona kuliko jicho, kwa hiyo kwenye kioo chake utepe ulitoka na ukijani kidogo. Nilipotaka kupiga ya pili betri ikafa. Kwa hiyo ipo moja tu.

Aliichapisha, akaitia kwenye fremu ya mbao. Kesho yake akaingia nayo chumbani kwa mama yake, na nyundo. Mama mkubwa alikuwa upande ule ule, uso ukutani. Ravna akazunguka kitanda, akagonga msumari kwenye ukuta ule ule, sentimeta chache juu ya pua ya mama yake, akatundika picha.

"Ukitaka kuangalia ukuta, mama, angalia huu."

Akaenda kusimama dirishani, ametugeuzia mgongo. Wanawake wawili wenye migongo, na mimi katikati na sahani ya jibini. Nilitamani kutoka, nikaona nikitoka nitakuwa mwoga mara mbili.

Akaingia nesi, msichana mgeni pale, lakini wa bonde la jirani, mtu wa kwetu kabisa. Alikuwa na dawa za mchana. Akaona picha, akainama kuitazama, na macho yake yakateremka pale pale ambapo ya kwetu sote huteremka.

"Loo, kumbe ni vya mviringo," akasema, kwa huruma ya kweli. "Pole, bibi. Na gazetini tulifurahi sana. Maskini, kwa hiyo hakupata mtu?"

Mama mkubwa Sunná alifumbua macho. Akaitazama picha, kwanza ule mwanga dhaifu, kisha mwanamke, akachukua muda wake. Akajiinua kwa kiwiko, polepole, na nilipotaka kumsaidia akaupiga mkono wangu.

"Alipata," akasema. "Walikuja watatu, na wa mwisho alilia uani kwangu kama ndama. Hakutaka. Hizo dawa ziweke mezani, na hilo maskini lako ulirudishe ulikolitoa. Mbele ya binti yangu halisemwi."